Ile Video Mliyoiona Haina Mwanzo

Kwa kuwa shoga yangu kashaisambaza, na kila anayenipigia tangu juzi anaanza na kicheko kabla ya salamu, acha niseme mwenyewe. Sikulia. Ile ilikuwa gundi imeingia jichoni.

Balbu ya sebuleni ilikuwa inaning'inia tupu kwenye waya wake, kama tone la kamasi. Nikaona kwenye simu mtu anajaza puto upepo, analizungushia uzi wa kufumia uliolowekwa kwenye gundi nyeupe na maji, ukikauka analitoboa. Linabaki tufe la nyuzi la kuivika balbu, mwanga unapenya matunduni, ukuta mzima vivuli. Dakika moja, kazi imekwisha. Nikasema, hili nalo la kunishinda?

Puto lilitakiwa kupakwa kwanza mafuta ya mgando ili gundi isiling'ang'anie. Sikupaka. (Najua. Nyamaza.) Gundi ilitaka saa 24 ikauke. Mimi nina wageni jioni, nikaipa saa tano na feni. Nilipochoma sindano, puto halikulia "pa!" Lilisinyaa polepole huku limeshikilia nyuzi zake, tufe likabonyea upande mmoja kama shavu la kibogoyo.

"Ligeuzie ukutani, hawataona," akasema shoga. Huyo ndiye mshauri wangu.

Na balbu yenyewe ni ile ya kizamani, wati 60, inayotoa joto kuliko mwanga. LED ya wati 9 ingenistiri, inamulika vilevile bila kuchemka hivyo. Gundi ile ikipata joto inalainika. Hilo nimelijua kwa kichwa changu, na simaanishi akili.

Sasa twende taratibu, maana video inaanzia hapa.

Taa imewaka robo saa. Kitu kikanidondokea puani. Kutazama juu, tufe limerefuka, limekuwa soksi. Nikazima swichi, nikapanda stuli, na giza limeshaingia, nikamwomba shoga animulikie kwa simu. Akamulika. Nikamwambia "asante mpenzi." Inasikika, sekunde ya tatu.

Nikaingiza kichwa kwenye tundu la chini nione nilipofunga. Kifundo cha kwanza kikateleza. Nilikisikia. Cha pili kikafikiri kidogo. Kisha tufe zima likashuka, wala si kwa kishindo, kwa adabu tu kama mtu anavishwa kanzu: paji, masikio, kidevu, likatua mabegani. Vuguvugu. Lina ute. Nikalivuta juu, likaja na misuko. Nikalivuta chini, likaja na nyusi. Mikono nayo ikanasa. Nimesimama juu ya stuli, mikono kichwani kama mwizi aliyesalimu amri, na kipande cha puto la waridi kinanipapasa midomo kila nikivuta pumzi.

"Vuta!"

"Navuta!"

Kweli alikuwa anavuta. Alikuwa anavuta picha ije karibu.

Mlango ukagongwa.

Wewe unayecheka hapo nyuma, nikuulize: ungefanyaje? Mimi mtu akibisha hodi ulimi unajibu wenyewe. Nikiwa ndani ya tenga, sioni mlango uko wapi, nikaitika kwa sauti ya mwenye nyumba kabisa: "Karibuni!"

Yaliyobaki ni mkasi, misuko mitatu chini, maji ya vuguvugu kwenye nyusi, na wageni waliokaa hadi usiku wakitazama sakafu. Balbu imerudi kuning'inia tupu.

Shoga, najua unasoma. Video sikukatazi. Ila hiyo "karibuni" uliyoirudia mara nne ukaiwekea na muziki, hiyo ikate.

Na mnaouliza lile tufe liko wapi, liko uani. Limekauka vizuri sana, gumu kama kibuyu, na umbo limelishika barabara: la kichwa changu.