Zawadi ya mbio za hatua iwe ya timu nzima

Mashindano mengi ya baskeli hapa Unguja humalizika kwa namna moja. Huitwa mtu mmoja mbele ya meza ya mgeni rasmi, hukabidhiwa bahasha na kikombe, hupigwa picha, na wenzake waliovaa jezi ya rangi moja na yake husimama pembeni wakimpigia makofi. Nimekimbia na timu kwa miaka kadhaa, hapa nyumbani na bara, na sina kinyongo na yeyote aliyewahi kuitwa. Ninachokipinga ni utaratibu wenyewe, kwa sababu unatufundisha kwamba mbio za baskeli ni kazi ya mtu mmoja, na aliyefundishwa hivyo, siku atakapopelekwa kwenye mbio za siku tano au sita, hatajua kwa nini amepewa wenzake. Rai yangu ni kwamba Zanzibar ianzishe mbio zake za hatua, zitakazopita Unguja na Pemba, na kwamba zawadi kubwa ya mbio hizo iwekewe timu.

Katika mbio za hatua, watu hukimbia siku baada ya siku, muda wa kila mpandaji hujumlishwa, na mshindi ni yule ambaye jumla ya muda wake ni ndogo kuliko ya wenzake wote, hata kama hakuwahi kutangulia mstari wa mwisho siku yoyote. Mwaka 1989 Greg LeMond wa Marekani alimshinda Mfaransa Laurent Fignon katika Tour de France, mbio kubwa za hatua za Ufaransa, kwa sekunde 8 tu, baada ya wiki tatu na zaidi ya kilomita 3,200. Sekunde kama hizo hupotea katika mambo madogo: kusimama kujaza maji, kuachwa na kundi kwenye kona, kufukuza peke yako baada ya pancha. Kazi ya timu ni kuhakikisha kwamba nahodha wake hapotezi sekunde hizo, na kazi hiyo hulipiwa na miili ya watu wengine. Anayekaa nyuma ya mwenzake, akikingwa na upepo, huokoa karibu theluthi moja ya nguvu zake, na anayekaa katikati ya kundi kubwa huokoa zaidi ya hapo. Kwa hiyo kila kilomita ambayo nahodha anaonekana ametulia, yupo mtu mbele yake ambaye hakutulia.

Jambo hili halihitaji milima ya Ufaransa kulielewa. Chukua barabara ya Chwaka wakati wa kusi. Ukishapita Dunga na Jendele, miti mirefu inapungua, unaingia uwandani penye vichaka vifupi, na upepo unakupiga kutoka mkono wa kulia bila kizuizi. Hapo kukaa nyuma ya mwenzako moja kwa moja hakukusaidii kitu, kwani upepo unapita baina yenu. Timu inayojua kazi yake hujipanga mshazari: wa mbele hushika ukingo wa kulia wa barabara, wa pili hukaa nyuma kidogo kwenye bega lake la kushoto, wa tatu vivyo hivyo kwa wa pili, mpaka lami imalizike upande wa pili. Wa mbele akishapiga zamu yake hurudi nyuma taratibu na mwengine huchukua nafasi. Lami ya barabara ile huenda ikachukua watu sita au saba kwa mpango huo. Wa nane hukosa kivuli, hubaki ukingoni akipigwa na upepo kama wa mbele, na baada ya dakika chache mstari wa wapandaji hukatika hapo hapo alipo. Nimeona mpandaji mwenye mapafu makubwa kuliko sote akiachwa namna hiyo, kwa sababu tu hakuwa na mtu wa kumfungulia nafasi. Nguvu zake hazikumsaidia, na hazingeweza kumsaidia.

Mfano ambao waendesha baskeli wengi duniani wanaujua ni wa mwaka 1934. René Vietto, kijana wa miaka 20, alikuwa timu moja na Antonin Magne, ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza Tour de France. Magne alipoharibikiwa kwenye mteremko wa milima ya Pirenei, Vietto alimpa gurudumu lake, akabaki kando ya barabara kusubiri msaada. Siku iliyofuata Magne aliharibikiwa tena, na safari hii Vietto, aliyekuwa ameshatangulia, aligeuza baskeli na kuupanda tena mlima aliokuwa ameushuka, ili ampe baskeli yake. Magne alishinda mbio zile. Vietto alimaliza wa tano, akiwa pia bingwa wa milima, na Wafaransa wakampenda mpaka leo.

Haya hutokea hata kwetu, ila hayana wa kuyaandika. Katika mbio moja za siku kadhaa tulizokwenda kushiriki bara, nahodha wetu alipata pancha gurudumu la nyuma katikati ya hatua ya pili, na gari la mafundi lilikuwa mbali nyuma ya malori. Mdogo wetu katika timu alisimama kabla ya kuitwa. Alipindua baskeli yake juu chini, akaachia breki, akafungua mkono wa ekseli, akainua cheni kwa vidole vilivyokwisha jaa grisi, akalitoa gurudumu lake na kusema, "Chukua hili, kaka, nenda zako, mie nitangoja gari." Hakuna aliyemlazimisha. Gari lilichelewa, akafika nje ya muda uliowekwa, na kesho yake jina lake halikuwemo kwenye orodha ya wanaoanza. Siku zilizobaki alikuwa akijaza chupa za maji na kufua jezi zetu hotelini. Nahodha alimaliza wa tatu, akapewa bahasha kwa jina lake, na kwa mujibu wa kanuni za waandaaji kijana yule hakuhesabika kuwa ameshiriki, kwa hiyo hata posho ya kumaliza hakuipata. Nahodha alimkatia fungu kutoka mfukoni mwake, na alifanya vyema, lakini haki ya mtu haifai kutegemea uungwana wa mwenzake.

Wenye mbio kubwa wameshalitatua hili siku nyingi kwa desturi. Mshindi wa Tour de France hupata yuro 500,000, na kwa kawaida hazichukui: fedha za zawadi za timu huingizwa katika mfuko mmoja, zikagawanywa kwa wapandaji wenzake na, katika timu nyingi, kwa mafundi na wachua misuli pia. Wapandaji wale wana mishahara, na bado wanaona ni aibu nahodha kula peke yake. Sisi tusio na mishahara ndio tunaohitaji mgao zaidi, na ndio ambao hatuna. Wala si jambo geni kwetu. Dau likirudi pwani, samaki hugaiwa mafungu, na kijana aliyekuwa akifua maji naye hupata lake, kwa kuwa kila mtu pale anajua chombo kingefika wapi bila yeye.

Najua jibu ambalo limekuwa likitolewa kila fikra hii inapotajwa: visiwa vyetu ni vidogo, mbio za siku nyingi ni za nchi kubwa zenye milima. Hoja hii haina uzito. Kim Le Court anatoka Mauritius, kisiwa cha bahari hii hii yetu ambacho hakijaipita Unguja kwa ukubwa wa kutisha, na mwaka 2025 alishinda Liège–Bastogne–Liège ya wanawake, mbio za siku moja za Ubelgiji, kisha katika Tour de France Femmes, ile ya wanawake, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuvaa jezi ya njano, inayovaliwa na anayeongoza mbio, na akashinda hatua ya tano. Eritrea ni nchi ndogo, lakini ilianza mbio zake za hatua mwaka 1946, na humo ndimo ulimokulia mchezo uliomtoa Biniam Girmay, aliyeshinda hatua tatu za Tour de France ya 2024 na kurudi nyumbani na jezi ya kijani, ya aliyekusanya pointi nyingi zaidi. Rwanda ilijenga mbio zake mwaka baada ya mwaka mpaka Septemba 2025 Kigali ikapokea mashindano ya dunia ya barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Mbio za wanaume siku ile zilikuwa za kilomita 267.5, na sehemu kubwa yake ilikuwa ni kuzunguka mitaa ile ile ya mji mara nyingi. Udogo wa mahali hutatuliwa kwa mizunguko.

Na sisi tuna njia nzuri. Siku ya kwanza watu waondoke Mjini asubuhi mapema kwenda Nungwi kupitia Bububu, Mahonda na Kinyasini, karibu kilomita 60, njia tambarare inayowafaa wenye kasi ya kumalizia. Siku ya pili iwe ya kusini: msafara upite Tunguu na Jozani kwa mwendo wa pole bila kushindana, kwa sababu ya matuta yaliyowekwa kuwalinda kima punju, kisha mbio zifunguliwe Kitogani na kuzunguka Paje, Jambiani, Makunduchi, Kizimkazi na Muyuni mpaka Kitogani tena, mara mbili au tatu. Upepo wa baharini katika mzunguko ule utakuwa mbele, ubavuni na mgongoni kwa zamu, na timu isiyojua kujipanga itavunjika mapema. Siku ya tatu iwe fupi, kila mtu peke yake dhidi ya saa, kwenye barabara ya Fumba.

Baada ya hapo, boti kwenda Mkoani. Pemba ndiko mbio zitakakoamuliwa, na wapandaji wa Unguja wanaoidharau wangefika wakajuta. Vilima vyake havifiki mbali, vingi havizidi mita mia moja kutoka usawa wa bahari, lakini vinafuatana. Unashuka bonde lenye mpunga, unavuka daraja, unaanza kupanda kabla hujapata nafasi ya kunywa maji, unafika juu penye mikarafuu, na unashuka tena. Mlima mrefu humruhusu mtu kuchagua mwendo wake na kuushika. Njia ya Mkoani kwenda Chake Chake hadi Wete haimruhusu. Nahodha akiachwa peke yake hapo na wapinzani watatu wakipokezana kumshambulia, kila kilima kitamkata kidogo mpaka aishiwe. Akiwa na wenzake wawili waliobaki, mmoja huwafukuza wanaochomoka na mwengine humpa chupa na mgongo wa kujificha. Hatua ya mwisho iendelee kaskazini, Wete mpaka Konde, na imalizikie huko.

Wakati wake ni kipupwe, Julai au Agosti, mvua za masika zikiwa zimekwisha na joto limepungua. Mwaka ambao Ramadhani itaangukia miezi hiyo, tarehe isogezwe. Timu za wanawake zikimbie siku hizo hizo, kwenye njia hizo hizo, zikiwa na mfuko wao ulio sawa. Polisi wafunge barabara kwa saa chache za asubuhi, na daladala zitangaziwe mapema. Hili linawezekana, tunalifanya kwa misafara ya viongozi na kwa mbio za miguu.

Nabaki na suala la fedha. Ipo hesabu ya timu inayotumika katika mbio zote kubwa: kila siku hujumlishwa muda wa wapandaji watatu bora wa kila timu, na jumla ya siku zote hutoa timu bora. Napendekeza zawadi ya kwanza kwa thamani iwekwe hapo, na ya mshindi binafsi iwe chini yake. Wapo watakaosema kwamba wadhamini wanataka sura moja ya kuweka kwenye bango. Wapewe sura hiyo, jezi ya njano ipo kwa kazi hiyo, lakini fungu kubwa lifuate kazi ilivyofanyika. Kabla ya hatua ya kwanza, kila timu iwasilishe karatasi iliyosainiwa na wote, yenye majina na fungu la kila mmoja, pamoja na fundi na dereva, na ielezwe humo kwamba aliyeanza anahesabika hata akitolewa njiani kwa kuanguka au kwa kuchelewa akiwa kazini kwa ajili ya mwenzake. Waandaaji walipe kwa mujibu wa karatasi hiyo, moja kwa moja kwenye simu ya kila mtu, jioni ile ile ya Konde, kabla timu hazijapakia baskeli kwenye magari kurudi Mkoani kusubiri boti.