Mama Mkwe, Kivumbasi na Pipa Bovu

Mama mkwe aliteremka kwenye basi akitokea Manyoni, na usiku wa kwanza tu akatoa tamko: "Hivi serikali ilipohamia Dodoma, ilihama na mbu wa Dar es Salaam?"

Kilikuwa kifuku, mbu wamejaa kweli. Neti hataki, inambana pumzi. Ile dawa ya kuchoma ya mviringo inamkohoza. Na mimi ni mkwe mwenye heshima zangu, siwezi kubishana naye. Kwetu hata kukaa naye mkeka mmoja ni kesi.

Nikakumbuka kivumbasi. Kinajiotea vichakani njia ya kwenda Hombolo, ukikikanyaga tu harufu ya kafuri inakupanda puani. Bibi yangu alikuwa akikichoma ndani jioni, mbu wanatoka kabla yetu. Nikavuna kiroba kizima, nikapukuchua majani na maua, nikayaanika kivulini mpaka yakanyauka, halafu nikayatia kwenye sufuria la mafuta ya alizeti juu ya jiko la mkaa, moto wa kubembeleza. Mafuta yakawa kijani. Mke wangu akainama, akanusa.

"Baba Neema, hii si ya kujipaka. Hii ya kuogeshea ng'ombe."

Basi nikaomba mchaichai kwa jirani, nikautwanga, nikauongeza ili mzigo unukie kistaarabu. Nikachuja kwa kitambaa. Makapi nikayamwaga kwenye pipa bovu lililolala nyuma ya jiko.

Naomba ieleweke: dawa ilifanya kazi. Mama mkwe alijipaka shingo, mikono, mpaka visigino, akaketi barazani anang'aa kama chapati ya moto, na mbu wakabaki kulialia kwa mbali. "Mkwe una mkono," akasema. Nililala nikipiga hesabu za kufungua kiwanda.

Sasa, mbu ni wa usiku. Mchana una wenyewe.

Asubuhi alikuwa uani anachambua mlenda. Nyuki mmoja akatua kwenye ungo. Mwingine begani. Jua lilipopanda, mngurumo ukaingia kutokea upande wa korongo, na anga juu ya jiko ikawa nyeusi.

Nikashika fagio, nikaliweka chini. Utampigaje mama mkwe na fagio, hata kwa nia njema? Nikachukua kanga nimpangusie shingoni. Nayo nikaiacha, shingo ya mama mkwe haiguswi. Nikabaki nimesimama kando, nimeangalia pembeni kwa adabu, natoa taarifa.

"Mama, samahani, mmoja yuko sikioni."

"Mm."

"Mama, mwingine ameingia kwenye kilemba."

Neema alishajifungia chooni. Mke wangu yuko dirishani anafoka nifanye kitu. Nami ninafanya: natoa taarifa.

"Acha kurukaruka, mkwe," mama akasema, mlenda bado mkononi. Marehemu baba mkwe alikuwa akitundika mizinga kwenye misitu ya Itigi, kwa hiyo huyu mama amekua na nyuki kuliko na watu. "Hawa hawajaja kupigana. Wanatafuta nyumba."

Na nyumba wakaipata. Kundi zima likateremka, likajimimina ndani ya lile pipa. Aliyedungwa ni mmoja tu pale uani, tena mdomo wa juu, na wala hakuwa amejipaka hata tone. Bado naandika nikiupapasa.

Jioni akaja bwana nyuki mmoja tunayesali naye. Alipomaliza kucheka akanieleza: harufu ya mchaichai inakaribiana na ile nyuki wanayoitoa wenyewe kuitana, ndiyo maana wafugaji wengine husugulia mzinga mpya. Kwa hiyo kivumbasi kilifukuza mbu, mchaichai ukatoa kadi za mwaliko, na mimi, bila kuombwa, nikatoa ukumbi.

Mama mkwe alikuwa aondoke Jumapili. Jumamosi akalizunguka pipa taratibu, akaligonga kwa kidole, akatega sikio.

"Kundi zuri hili. Nitaondoka tukisharina."

Nikamuuliza, kwa mdomo nusu, asali itakuwa tayari lini.

"Inategemea maua, mkwe."

Mke wangu ameshaagiza kitanda.