Chupa nne za peptidi na kopo lisilo na lebo

Juma lililopita mtoto wa shangazi yangu, msichana wa miaka 26, alinitumia picha ya vipodozi alivyovipanga mezani kwake, akaniuliza: "Dada, nianze na ipi ili kolajeni iongezeke haraka?" Alimaanisha ile protini inayoipa ngozi uimara. Zilikuwa chupa nne za seramu: ya peptidi ya shaba, ya Matrixyl 3000 na ya Argireline (haya mawili ni majina ya biashara ya peptidi nyingine), na ya nne iliyodaiwa kuwa na zote tatu. Ukingoni mwa picha niliona kopo jeupe lisilo na lebo. Nilipomuuliza, alijibu kwamba ni krimu ya kung'arisha ambayo muuzaji humpimia, na kwamba ameipaka kila usiku kwa miaka miwili. Tangu siku hiyo sijatulia.

Sina ugomvi na peptidi, yaani vipande vifupi vya protini vinavyoweza kuzipelekea seli ujumbe. Mtafiti Loren Pickart aliitambua GHK, ambayo ikishikana na shaba ndiyo hiyo peptidi ya shaba, katika damu ya binadamu mwaka 1973, na miaka 20 baadaye watafiti walionyesha kuwa KTTKS, kipande kidogo cha prokolajeni yenyewe (kolajeni kabla haijakomaa), huziamsha seli zinazotengeneza kolajeni. Jaribio lililochapishwa mwaka 2005 liliwahusisha wanawake weupe 93 wa miaka 35 hadi 55, ambao kwa wiki 12 walipaka krimu yenye peptidi hiyo upande mmoja wa uso, na upande wa pili krimu ile ile isiyo na peptidi. Makunyanzi madogo yalipungua upande wa peptidi, nami nalikubali hilo, ingawa watafiti walikuwa wa kampuni ya vipodozi. Lakini kiasi kilichotumika kilikuwa sehemu 3 tu kwa milioni, na peptidi ilikuwa moja.

Hapo ndipo ushauri wa kurundika chupa unaponiudhi. Matrixyl 3000 tayari ni mchanganyiko wa peptidi mbili, na mojawapo ni GHK ile ile iliyounganishwa na asidi ya mafuta ili ipenye ngozi kwa urahisi zaidi, kwa hiyo anayeinunua pamoja na peptidi ya shaba amelipia ujumbe mmoja mara mbili. Argireline nayo imebuniwa kutuliza mawasiliano ya neva na misuli, wala si kuongeza kolajeni. Chupa ya nne inarudia yaliyomo katika tatu za kwanza. Msichana anayeishi kwa mshahara wa kwanza hastahili kuuziwa kitu kimoja kwa majina manne.

Hata hivyo, fedha si jambo linaloniumiza zaidi. Makopo ya namna ile mara nyingi huwa na haidrokwinoni (kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi), zebaki, au klobetasoli, ambayo ni miongoni mwa steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) kali kuliko zote zinazopakwa kwenye ngozi na ambayo maelekezo yake husema isitumike zaidi ya wiki mbili mfululizo. Steroidi ya aina hiyo huziamuru seli zile zile, ambazo peptidi inazibembeleza zitengeneze kolajeni, ziache kazi. Ngozi hukonda, vimishipa vyekundu hujitokeza mashavuni, michirizi hutokea mapajani na mikononi, na vidonda huchelewa kupona. Binti yetu tayari ana vimishipa hivyo, na ananieleza kuwa uso humwaka kila anapotoka juani. Alidhani ni dalili za uzee unaomjia mapema, ndiyo maana akazitafuta peptidi. Na aliyemuuzia peptidi ndiye anayempimia krimu ya kopo. Nimelisoma jibu la binti huyu mara nyingi, na kila mara ninapata uchungu ule ule: anauziwa dawa ya jeraha na mtu anayeendelea kulichimba.

Kuna pia jua, ambalo tunalichukulia kana kwamba haliwahusu watu weusi. Melanini hutukinga, lakini haitukingi kikamilifu, na miale ya jua iitwayo UVA, isiyoonekana kwa macho, huamsha vimeng'enya vinavyokata kolajeni. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa krimu ya kukinga jua iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao kwao ni suala la uhai. Ujuzi huo upo nchini mwetu. Ikiwa mtu ana fedha ya chupa moja tu, na ainunue ya kukinga jua. Akipenda, aongeze seramu moja ya peptidi, na aitumie kwa miezi mitatu kabla ya kutoa hukumu.

Nilimpigia simu usiku ule, tukazungumza kwa saa nzima. Sikumwambia aliache kopo siku hiyo hiyo, kwa sababu ngozi iliyozoea steroidi kwa miaka miwili inaweza kuwaka na kuvimba vibaya ikinyimwa ghafla, na wengi hurudia krimu kwa kuogopa hali hiyo bila kujua chanzo chake. Tumepata miadi kwa daktari wa ngozi Alhamisi hii. Chupa nne amezifungia kabatini. Kopo nimemsihi asilitupe wala asilifiche kwa aibu, bali aliweke katika mkoba wake na kuliweka mezani kwa daktari kabla hajaanza kueleza chochote.