Silva naitreti, kemikali yenye kisirani

Kemikali nyingine zina adabu jamani. Asidi kali ikikugusa inakuchoma hapo hapo, amonia inakupiga puani ujue imefika. Silva naitreti wapi! Inadondokea kidoleni imetulia kama maji, haiwashi, hainuki, unajifutia kwenye koti la maabara unaendelea na mambo yako. Jioni umeshika bomba kwenye daladala, vidole vyeusi, konda anauliza leo kulikuwa na uchaguzi wapi. Wala hajakosea sana, maana wino usiofutika wa kupigia kura nao una silva naitreti.

Sasa sugua. Sabuni, ndimu, jiwe la miguu, ngozi inatoka damu na doa linakuangalia tu. Weusi ule ni chembe za fedha, yaani silva yenyewe, zilizojitengeneza ndani ya ngozi kwa mwanga, zitaondoka ngozi ya juu ikijibanduka yenyewe, wiki moja au mbili. Glavu zilikuwepo kabatini. Na miwani pia, kwa sababu jichoni hii kitu haina utani, inaunguza.

Koti lina nafuu. Kama doa bado halijaiva, yaani halijawa jeusi, suuza kwa maji mengi. Wajuaji wanakimbilia chumvi: inatengeneza kloridi ya fedha, nyeupe, unashangilia, ukianika juani nayo inageuka nyeusi. Doa likishaiva, lipake iodini ile ya vidonda, subiri dakika chache. Ndiyo, sasa una doa la kahawia juu ya doa jeusi, tulia. Iodini imeigeuza fedha kuwa iodidi ya fedha. Mwagia thayosulfeti ya sodiamu, gramu 10 kwenye mililita 100 za maji, inayeyusha iodidi na kufuta rangi ya iodini kwa mpigo mmoja. Suuza, rudia likigoma. Thayosulfeti usiikutanishe na asidi, utafukuzwa chumbani na gesi ya salfa. Vitabu vya zamani vinashauri sayanaidi ya potasiamu: doa litoke, na wewe utoke.

Halafu kuitengeneza kwenyewe, yaani mmumunyo wa silva naitreti! Gramu 4.25 kwa mililita 250 ndiyo 0.1 M (moli 0.1 kwa lita), na bei yake unapima umeshika pumzi. Anakuja mtu anajazia maji ya bomba, au ya kisima cha Pwani chenye chumvi, chupa nzima inakuwa tui la nazi. Ni maji yaliyokenekwa tu, hata ya kusuuzia bureti, ule mrija wa kupimia, na chupa iwe ya kahawia.

Kibaya kuliko vyote ni kitendanishi cha Tollens, ile silva naitreti yenye amonia ya kupimia aldehaidi. Mtu anaona kimebaki, anakionea huruma, anakifungia kabatini kwa ajili ya kesho. Kikikaa kinatengeneza mashapo meusi yanayolipuka hata kwa kuguswa. Tengeneza cha leo, kikibaki kitie asidi ya naitriki iliyozimuliwa leo leo, ndipo ukimwage kwenye chombo cha taka za fedha. Chombo chenyewe, bila shaka, kimeshajaa na hakuna aliyeandika lebo.