Meno Yaliyopishana na Taya Linalouma: Kipi Kilianza?

Mwaka 1934 James Costen, daktari wa masikio, pua na koo mjini St. Louis, Marekani, aliandika juu ya wagonjwa 11 wenye maumivu ya masikio na kichwa. Chanzo, alisema, ni magego: yakishang'oka, taya hufunga kupita kiasi, kichwa cha mfupa wake kikarudi nyuma na kubana mishipa ya fahamu karibu na sikio. Baadaye wataalamu wa maumbile ya mwili walionyesha kwamba mishipa hiyo haibanwi hivyo. Hata hivyo wazo kwamba meno ndiyo huleta ugonjwa wa viungo vya taya, yaani maumivu ya viungo hivyo na misuli yake, lilishika mizizi, na kwa miongo mingi watu walisagwa meno mazima ili yakutane vizuri.

Hoja yenyewe si ya kupuuzwa. Viungo viwili vya taya hufanya kazi pamoja, na mdomo ukifungwa, meno ndiyo yanayoamua taya litulie wapi. Meno ya juu ya upande mmoja yakiingia ndani ya yale ya chini, taya hulazimika kusogea pembeni kila mtu anapouma. Andrew Pullinger na wenzake, mwaka 1993, walikuta kasoro chache tu zenye uhusiano na ugonjwa huu, zikiwemo upishano huo wa upande mmoja, meno ya mbele yasiyokutana, meno ya juu yaliyochomoza zaidi ya milimita 6 au 7, na kupotea kwa meno 5 au zaidi ya nyuma. Uhusiano wenyewe ulikuwa mdogo.

Kinachonizuia kuyatwika meno lawama yote ni swali la kipi kilitangulia. Baridi yabisi inaweza kula kichwa cha mfupa wa taya. Taya likarudi nyuma, na meno ya mbele yaliyokuwa yakikutana yakaacha uwazi. Atakayemwona mgonjwa huyo leo atasema meno ndiyo yameharibu kiungo, kumbe kiungo ndicho kilichoyapangua meno. Tena wanaougua zaidi ni wanawake, hasa wa miaka 20 hadi 40, ilhali meno yaliyopishana hayachagui jinsia kiasi hicho. Kukaza meno mchana bila kujijua, kuyasaga usingizini, msongo wa mawazo na usingizi mbovu vina uzito mkubwa hapa.

Lawama iligeukia hata waya za meno. Mwaka 1987 baraza la wazee wa mahakama huko Michigan, Marekani, lilimpa msichana fidia ya dola 850,000 baada ya kudai kwamba matibabu ya kunyoosha meno yalimharibu taya. Tafiti zilizofuata hazikuthibitisha kwamba waya huleta ugonjwa huu, wala kwamba huuzuia.

Kwetu Afrika Mashariki, ambako jino bovu mara nyingi huishia kung'olewa, mimi ningetazama zaidi magego yaliyopotea kuliko meno ya mbele yaliyopinda. Mtoto ambaye taya lake husogea pembeni anapouma apelekwe mapema kwa daktari wa meno, kwa ajili ya ukuaji wa uso wake. Lakini mtu mzima mwenye maumivu aanze na tiba zinazoweza kurudishwa nyuma: chakula laini, kitambaa cha moto, mazoezi ya taya, kinga ya plastiki ya kuvaa kwenye meno usiku. Wengi hupata nafuu kwa hayo. Akiambiwa siku ya kwanza kwamba meno yake mazima yasagwe, aombe maoni ya daktari mwingine kabla ya kukubali, kwa sababu jino likishasagwa halioti tena.