Sekondari Iliyo Mbali ni Ada Nyingine kwa Msichana

Nchi nyingi zinazoendelea zimekwisha kufuta ada ya shule ya msingi, na idadi ya wasichana wanaoandikishwa imepanda sana. Nafurahia hilo kwa moyo wote. Ila hesabu inayoninyima usingizi ni ya wanaomaliza sekondari ya chini. Mwaka 2018 Benki ya Dunia iliandika kwamba katika nchi maskini zaidi, msichana 1 tu kati ya 3 ndiye anayefika mwisho wa ngazi hiyo.

Naamini wengi wa hao wengine wanapotelea njiani, na nasema njia kwa maana yake halisi. Shule ya msingi iko kijijini au jirani. Sekondari ni moja, inategemewa na vijiji kadhaa. Binti wa miaka 13 aliyezoea kutembea dakika kumi anaambiwa sasa atembee saa moja na nusu, atoke kabla hakujapambazuka na arudi jua likizama, tena katika umri ambao mwili wake umeanza kutazamwa na watu wasiomtakia mema. Mzazi anayemzuia huyo binti tunamwita mtu wa mila potofu. Mimi naona ni mtu aliyepiga hesabu ya hatari.

Jimbo la Bihar, huko India, limenipa sababu ya kusema hivi. Mwaka 2006 serikali ya jimbo hilo ilianza kuwapa wasichana wanaoingia darasa la 9 fedha za kununulia baiskeli. Wachumi Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walipopima matokeo, walikuta uandikishaji wa wasichana katika sekondari umeongezeka kwa asilimia 32, na pengo lao na wavulana limepungua kwa asilimia 40. Ongezeko hilo lilitoka zaidi katika vijiji vilivyo mbali na shule. Wazazi walikuwa walewale na mila zilikuwa zilezile. Njia ilipofupika, binti akaruhusiwa. Na kwa kuwa baiskeli zilitolewa kwa wote walioingia darasa hilo, wasichana waliweza kwenda kwa kundi, jambo ambalo mzazi yeyote atakwambia lina uzito wake.

Wapo wanaosema dawa ni mabweni. Bweni lenye walezi wanawake, maji, vyoo na milango inayofungwa ni jambo jema, lakini ni ghali, na familia maskini huishia kutafuta njia ya mkato: wasichana watatu au wanne wanapangishiwa chumba karibu na shule, wanajipikia, wanajilinda, hakuna mtu mzima wa kuwauliza wamelala wapi. Tumewaondolea hatari ya njiani tukawaletea ya chumbani. Baadhi ya wanaoacha shule kwa sababu ya ujauzito wamepitia humo, na bado lawama humwangukia binti peke yake.

Fedha nazo zina nguvu, nisieleweke vibaya. Bangladesh ilianza mwaka 1994 kutoa posho ya masomo kwa wasichana wa sekondari vijijini kote, kwa masharti matatu: ahudhurie walau asilimia 75 ya siku za masomo, apate alama zisizopungua asilimia 45, na asiolewe. Sharti la mwisho nalipenda, maana lilimpa mzazi neno la kumjibu mposaji bila kuvunja heshima. Leo wasichana katika sekondari za nchi hiyo ni wengi kuliko wavulana. Hata hivyo, takriban nusu ya wanawake vijana huko waliolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Posho humsogeza msichana mbele kwa kadiri fulani, haimbebi safari nzima.

Kuhusu waliokwisha kujifungua, naona hatua. Sierra Leone iliondoa marufuku ya wajawazito shuleni mwaka 2020, Tanzania ikafungua mlango wa waliojifungua kurejea mwaka 2021. Kinachobaki ni swali la nani anamshika mtoto wakati mama yake yuko darasani, na sijaona bajeti nyingi zinazolijibu. Afghanistan ni habari nyingine, tena ya uchungu: tangu 2021 watawala wenyewe wamewafungia wasichana sekondari, hata iwe jirani kiasi gani.

Kwa serikali zenye nia, ombi langu ni kwamba mipango ya sekondari ianzie kwenye ramani. Kabla ya kuongeza ghorofa kwenye shule kubwa ya mjini, waangalie ni vijiji gani ambavyo binti hawezi kufika sekondari na kurudi nyumbani kukiwa bado kuna mwanga. Hapo waongeze madarasa ya sekondari ya chini kwenye kiwanja cha shule ya msingi iliyopo, na wapeleke walimu wanaoweza kufundisha zaidi ya somo moja, wakiwemo wanawake, na nyumba za kuishi walimu hao. Nitaambiwa shule ndogo haitakuwa na maabara kamili. Ni kweli, na ni upungufu niko tayari kuukubali kwa miaka ya mwanzo, mradi majina yaliyokuwa kwenye rejista ya msingi yaonekane yote kwenye rejista ya sekondari.