Kijana wa Ngarenaro anaijua simu kuliko wa Hamburg

Huku Ujerumani kuna jambo linanikera. Simu ya kijana wa miaka 16 ikigoma kuchaji, yeye anaanza kuangalia bei za simu mpya. Hata kumulika tundu la chaji hajamulika! TikTok ni ile ile, mitindo ni ile ile, na kwa kudaka kitu kipya hawa na wa kwetu hawapishani. Kikiharibika ndipo unajua nani anakijua.

Mpe simu hiyo kijana anayejifunza kwa fundi simu pale Ngarenaro, Arusha. Anazima kwanza, anamulika, anachokoa kwa njiti ya meno ya mti. Pini hagusi, maana inapinda vile vipande vya shaba ndani na kupiga shoti. Vumbi la Arusha likichanganyika na nyuzi za mfukoni, kila ukichomeka waya unalishindilia, mwisho waya haufiki. Ikigoma bado, anapasha mgongo wa simu joto la kama nyuzi 80 gundi ilegee, anachomoa betri kabla ya kugusa kingine chochote, kisha anaipima. Iliyojaa husoma karibu volti 4.2, ikishuka chini ya 3, simu haiwaki. Iliyoingia maji haizikwi kwenye mchele, kwa sababu mchele hauondoi kutu iliyoanza kula bodi. Anafungua, anasugua kwa mswaki na spiriti ya isopropili ya asilimia 99, anaacha ikauke.

Najua mtasema, "Huyu kapanda ndege, sasa anatusifia umaskini." Hapana, ndugu zangu, nasifia ujuzi. Umoja wa Ulaya wenyewe umetunga sheria kwamba kuanzia Februari 18, 2027, betri za vifaa vingi vya kubebeka mtumiaji aweze kuzitoa mwenyewe. Vijana wetu hawakusubiri sheria.

Wanaoniudhi zaidi ni wazazi wenzangu. Mtoto akishika simu, "utandawazi umemharibu". Akienda kukaa kwa fundi, "kashindwa shule". Sasa mnataka ajifunzie wapi? Shuleni simu imekatazwa, sawa, lakini likizo je? Mnunulieni mita ya kupimia umeme na miwani ya kukinga macho, na anapochomelea akae dirishani ule moshi asiuvute. Na betri iliyovimba, jamani, isitobolewe wala kutupwa jaani: iwekwe kwenye ndoo ya mchanga mkavu, nje, mbali na betri nzima.